Je, Yafaa Kusoma Kitabu cha Wauaji?

Msomaji mpendwa, huenda mwanao amerudi nyumbani likizoni, na katika sanduku lake umekuta kitabu cha Kiingereza chenye jina la kutisha: Faceless Killers, yaani Wauaji Wasio na Sura. Umekigeuza mbele na nyuma, na moyoni umesema: hiki hakifai kuingia katika nyumba ya Kikristo. Usikichome bado. Kichukue, ukisome wewe kwanza, jioni tatu au nne zatosha. Mimi nimekisoma mpaka mwisho, na haya ninayoandika ni ya kukusaidia kuamua.

Kwanza ujue ya kuwa kitabu hiki hakikuandikwa kwa Kiingereza. Kiliandikwa kwa Kiswidi na Henning Mankell, kikatoka Uswidi mwaka 1991. Aliyekifasiri kwa Kiingereza ni Mmarekani, Steven T. Murray, na tafsiri yake ilitoka mwaka 1997. Mwaka 1992 kilipewa Ufunguo wa Kioo, zawadi ya riwaya bora ya upelelezi katika nchi za kaskazini mwa Ulaya, nacho kilikuwa cha kwanza kabisa kuipata. Basi si kitabu cha kuuzwa kwa kificho.

Watu wa Bukoba hawana haja ya kuambiwa Waswidi ni nani. Askofu Bengt Sundkler, Mswidi, aliongoza Kanisa la Kilutheri huko tangu mwaka 1961 hata 1964, akafuatwa na Josiah Kibira. Watu wa Kibaha nao wanakijua kituo cha elimu kilichoanzishwa katika miaka ya 1960 kwa msaada wa nchi za kaskazini, na Uswidi ilikuwa mojawapo. Kwa sababu hiyo wengi wetu tumezoea kumfikiri Mswidi kuwa mtu wa shule, wa hospitali na wa visima. Mankell anatuonyesha Mswidi akiwa kwake, usiku, mlango umefungwa.

Habari yenyewe inaanza alfajiri ya tarehe 8 Januari 1990, katika kijiji kidogo cha Lunnarp, kusini kabisa mwa Uswidi. Ni wakati wa baridi kali. Mkulima mmoja mzee anaamka kabla ya wakati wake, wala hajui kilichomwamsha. Analala akisikiliza. Kisha anafahamu: farasi wa jirani hakulia. Usiku huwa anamsikia zizini, leo kimya. Anachungulia nje, anaona dirisha la jikoni la jirani li wazi, na baridi ile. Jirani zake ni wazee kama yeye, Johannes Lövgren na mkewe Maria, ambao amekaa nao ubavuni kwa miaka mingi. Anakwenda kutazama. Johannes ameuawa kwa kuteswa. Maria amefungwa kitanzi shingoni, lakini roho bado imo.

Hapo nakuomba usipite upesi, ingawa damu ni nyingi na macho yatataka kukimbia. Ona jinsi mwandishi alivyoanza. Aliyeigundua hatari si polisi wala mwandishi wa magazeti, bali ni mtu anayezijua sauti za nyumba ya jirani yake hata akaona ajabu zilipokosekana. Wewe unayekaa mjini, katika nyumba ya kupanga yenye milango kumi, je, wamjua jirani yako kiasi hicho? Ukimya wa mlango wa tatu ungekuamsha usingizini?

Maria anapelekwa hospitali. Polisi wanakaa kitandani pake wakingoja aseme. Kabla ya kukata roho anatamka neno moja tu, neno la Kiswidi ambalo Murray amelifasiri kwa Kiingereza foreign. Wengi wetu tungesema upesi: "mgeni". Lakini tuliache neno hilo kidogo, tutalirudia, maana lina mambo.

Kesi iko mikononi mwa Inspekta Kurt Wallander wa polisi ya mji wa Ystad. Naye mara moja anaiona hatari. Neno hili likitoka nje, watu hawatauliza lina maana gani. Watasema: ni wale wakimbizi. Kwa maana katika sehemu zile zimo kambi za watu waliokimbilia Uswidi kutoka nchi za mbali, na wenyeji wamekwisha kunung'unika. Wallander anawaagiza wenzake wafunge midomo. Lakini siri ya watu wengi, msomaji, waijua inavyokaa. Mtu ndani ya polisi anaitoa, televisheni inaitangaza, na simu zisizo na jina zinaanza kulia. Kambi moja inatiwa moto. Kisha mkimbizi mmoja, Msomali asiyehusika kwa lolote na kifo cha wazee wale, anapigwa risasi na kufa.

Sasa Wallander ana kesi mbili. Ya kwanza inatafuta watu waliomwua Johannes na Maria. Ya pili inatafuta watu waliomwua Msomali kwa ajili ya neno moja waliloletewa na uvumi. Nani aliyefanya nini, sitakuambia. Nikikuambia nitakuwa nimekuibia kitabu. Nitasema hivi tu: kila mtu katika habari hii, pamoja na yule mzee aliyeuawa, ana jambo ambalo wa nyumbani mwake hawakulijua.

Huenda utauliza kwa nini Mswidi aandike habari chungu namna hii juu ya nchi yake mwenyewe. Mankell alizaliwa mwaka 1948. Alikulia katika mji mdogo wa Sveg, katika nyumba iliyokuwa juu ya mahakama, kwa kuwa baba yake alikuwa hakimu. Mtoto aliyekua juu ya mahakama si ajabu akiandika juu ya makosa ya watu! Lakini jambo kubwa katika maisha yake lilikuwa Afrika. Alikuja barani kwetu akiwa kijana, na tangu miaka ya 1980 aligawa mwaka wake kati ya Uswidi na Msumbiji, ambako alifanya kazi na waigizaji wa Teatro Avenida mjini Maputo mpaka uzeeni. Alifariki Oktoba 2015. Basi aliporudi kwao mwishoni mwa miaka ya 1980, baada ya kukaa sana Maputo, alikuta maneno dhidi ya watu wa nje yamekuwa maneno ya kawaida mitaani. Alitaka kuandika juu ya chuki hiyo, akaona ya kuwa njia ifaayo ni habari ya upelelezi. Jina la Wallander alilipata katika kitabu cha simu.

Wala hakuwa akiota. Tangu Agosti 1991 mpaka Januari 1992 mtu mmoja mwenye bunduki aliwapiga risasi watu 11 katika miji ya Stockholm na Uppsala, karibu wote wakiwa watu wenye asili ya nchi nyingine. Mmoja alikufa. Katika mwaka 1992 peke yake watu zaidi ya 80,000 waliomba hifadhi Uswidi, wengi wao wakikimbia vita vya Yugoslavia. Na mwaka 2015 walioomba walifika kama 163,000. Kwa hiyo swali la kitabu hiki halikuisha na mwaka kilipotoka.

Tena Waswidi walikuwa wamekwisha kupata jeraha jingine. Usiku wa tarehe 28 Februari 1986 Waziri Mkuu wao Olof Palme, rafiki wa Mwalimu Nyerere, alipigwa risasi katika barabara ya Stockholm alipokuwa akirudi kutoka sinema pamoja na mkewe, kwa miguu, bila mlinzi hata mmoja. Mwaka 2020 mwendesha mashtaka aliifunga kesi ile bila mtu kuhukumiwa mpaka mwisho. Ukilijua hilo utaelewa kwa nini wapelelezi wa vitabu vya Kiswidi ni watu wenye uchovu na mashaka.

Maana hata Wallander mwenyewe si shujaa. Sisi wasomaji wa Kiswahili tumelelewa na Bwana Msa, yule wa Muhammed Said Abdulla katika Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa mwaka 1960. Bwana Msa huvuta kiko chake, hutazama wasichotazama wengine, na fumbo hulifumbua kwa akili. Ukimtafuta Bwana Msa huko Ystad hutampata. Wallander ana miaka 42, mkewe amemwacha, binti yake humtembelea akipenda, na baba yake ni mchoraji mzee anayechora picha ile ile maisha yake yote na ambaye akili zimeanza kumpotea. Analala vibaya na kula vibaya. Kazi yake si ya kung'aa: kupiga simu, kungoja majibu ya maabara, kurudi kwa shahidi yule yule mara ya tatu. Zaidi ya nusu mwaka inapita kabla kesi haijaisha. Msomaji mwenye haraka atachoka katikati. Mimi sikuchoka, maana ndivyo ukweli unavyotafutwa. Kinyume chake ni ile simu isiyo na jina, ambayo ina jibu tayari siku ya kwanza.

Namna hii ya kuandika Mankell hakuianzisha yeye. Wenzi wawili, Maj Sjöwall na Per Wahlöö, waliandika vitabu kumi juu ya mpelelezi Martin Beck tangu mwaka 1965 mpaka 1975. Waliandika usiku watoto wakiisha kulala, sura moja huyu, sura moja yule. Nao walitumia kesi ya mauaji kama mtu atumiavyo taa, ili waone vizuri vyumba vya nchi yao. Vitabu vyao pia vimefasiriwa kwa Kiingereza, navyo ni vifupi kuliko vya Mankell.

Sasa maonyo, maana ninyi wazazi ndiyo mnayoyangojea. Mauaji ya mwanzo yameelezwa kwa ukali, na sura ile si ya kusomwa na mtoto. Wallander hunywa mno, tena siku moja anaendesha gari akiwa amelewa. Polisi wenzake wanamkamata na kumwachia kimya kimya. Mwandishi hamsifu kwa hilo, lakini pia hamwadhibu, na jambo hili lilinichukiza. Yeye, ambaye amefukuzana na waficha siri kitabu kizima, amefichiwa siri yake na rafiki zake. Tena namna anavyomwendea mwanamke mwendesha mashtaka, aliye mke wa mtu, si ya kuigwa. Kanisani hatumo sana: dini katika kitabu hiki ni kama koti la babu lililotundikwa nyuma ya mlango. Kwa kijana wa miaka 17 au 18 mwenye mzazi wa kuzungumza naye, naona kinafaa. Kwa aliye mdogo kuliko huyo, mtafutieni kitabu kingine cha Mankell huyo huyo, Secrets in the Fire, kinachosimulia habari za msichana wa Msumbiji, Sofia, aliyepoteza miguu kwa bomu lililofukiwa ardhini. Hicho aliwaandikia vijana, na hakuna aibu mtu mzima akikisoma.

Wako watakaosema: lakini kwa nini tuingize mauaji nyumbani hata kidogo? Jibu langu ni fupi. Kaini na Habili wamo katika kurasa za kwanza za Biblia iliyo mezani kwako. Kinachotazamwa ni jicho ambalo msimulizi analitumia. Yako magazeti yanayoonyesha maiti ili yauze nakala, na jioni baba huyaacha kitini bila kufikiri. Kitabu hiki hakimfanyi maiti kuwa tamasha. Kinauliza alikuwa nani, alipenda nini, na nani atamlisha farasi wake kesho.

Turudi sasa kwa lile neno la Maria.

Kwa Kiswidi alisema utländsk. Ut ni nje, land ni nchi. Yaani "wa nchi ya nje". Ni neno la mpaka, halina karibu wala kwaheri ndani yake. Sisi tukisema "mgeni", tumesema mambo mawili kwa pumzi moja: mtu asiye wa hapa, na mtu anayepikiwa kuku. Kigiriki cha Agano Jipya nacho ni hivyo hivyo. Xenos ni mtu wa mbali na pia mgeni wa nyumbani, nalo ndilo neno lililo katika Mathayo sura ya 25, Bwana anapojihesabu pamoja na waliokaribishwa au kukataliwa. Mhubiri wa Kiswahili hana haja ya kueleza sana hapo, kwa kuwa lugha imekwisha kumsaidia. Mhubiri wa Kiswidi ana kazi ya ziada.

Lakini tusijisifu upesi. Twasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," na twasema pia, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Hii ya pili wengi huitumia kumfukuza mtu, ingawa anayepewa jembe amepewa pia mahali pa kulima. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu kama 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Waliopokewa siku ile walikuwa wageni kwa maana zote mbili. Halafu kuni zikapungua, mifugo ikaibwa, na kila kilichopotea kikawa na mwizi anayejulikana kabla hajatafutwa. Desemba 1996 serikali iliwataka warudi kwao kabla ya mwaka kwisha. Mtu aliyekuwako Ngara miaka ile akisoma sura za Mankell juu ya simu zisizo na jina hataona ajabu yo yote isipokuwa ile theluji.

Jambo la mwisho ni kwa ninyi mnaopenda lugha. Nimejaribu kufikiri: kama mtu angekifasiri kitabu hiki kwa Kiswahili, Maria angetamka nini? Lijaribuni nyumbani, kila mtu aseme lake. Mtaona ugumu mara moja. Neno la Kiingereza, foreign, halisemi kama ni mtu au kitu, mmoja au wengi. Na kitabu kizima kinasimama juu ya shaka hiyo. Je, alisema juu ya watu? Juu ya lugha aliyoisikia? Juu ya fundo la kitanzi, ambalo polisi waliliona si la kawaida? Kiswahili hakikubali kunyamaza hivyo. Akisema "mgeni", ni mtu mmoja, na polisi wa kwetu angeuliza kwanza nani aliyekuja kuwatembelea jana. Akisema "wageni", wamekwisha kuwa wengi. Akisema "ngeni", basi pengine ni lugha, au kamba. Herufi moja ya mbele ingeitoa siri yote, na Wallander angekwenda zake kulala.

Nadhani mfasiri angelazimika kuandika "kigeni". Twasema watu wa kigeni, lugha ya kigeni, fundo la kigeni. Mgonjwa asiye na pumzi angeweza kutamka nusu ya pili tu, na ya kwanza ikabaki katika koo lake. Shaka ingehifadhika. Lakini neno hilo halina kuku wala jembe. Ni neno la ofisini na la redioni, "raia wa kigeni", na katika Kiswahili chetu ndilo lililo karibu zaidi na utländsk ya Maria.